Bastola ya Taklidi

Bastola ambayo mume wangu alitakiwa kuijaribu ilikuwa na ugonjwa usioonekana kwa macho. Ukishavuta kinyundo chake nyuma mpaka kikashika, hukuhitaji kugusa kifyatuo. Ulikisukuma tu kwa kidole gumba, kama mtu anayebonyeza papai sokoni kujua limeiva, nacho kikaanguka chenyewe. Nililigundua hilo jikoni kwangu, Al-Murabba, mjini Riyadh, Jumatano asubuhi, tui linachemka na Khalfan yuko kazini hana habari. Ijumaa, baada ya sala, alikuwa atoke nje ya mji pamoja na kafili wake, tajiri aliyemdhamini kukaa nchini, aijaze baruti, na aifyatue kwa mkono wake mwenyewe.

Nimeikumbuka kwa sababu ya hitma. Mwezi uliopita tulimsomea Ami Said, ndugu wa baba yangu, nyumbani kwa wanawe Jeddah. Baada ya dua zikaja sahani za biriani na, kama ilivyo kawaida ya watu wetu, kilio kikageuka masimulizi. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wakakieleza kisa cha bastola tangu mwanzo, wakiiga sauti ya marehemu na namna alivyokuwa akiinua kidole, mpaka wengine wakatokwa na machozi kwa kucheka. Mmoja akanigeukia: “Bibi, kweli alisema vile?” Nikamwambia kweli, alisema vilevile. Zaidi ya hapo sikusema, kwa sababu kisa chao kinakoma pale kinapochekesha, na mimi nakijua kilivyoendelea. Nimekaa nacho tangu nirudi kutoka hitmani. Naona bora nikiandike kwa mpango wake, jambo baada ya jambo, kama nilivyoliona na kama nilivyolisikia.

Mwaka ule sisi tuliuita mwaka wa saruji. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, fedha za mafuta zimeingia kwa kishindo, na nchi nzima ilikuwa inajengwa kwa pamoja kana kwamba kuna mgeni anakuja na hakuna aliyeambiwa atafika lini. Mtaani Olaya, ambako leo kuna majumba ya vioo, kulikuwa na viwanja vilivyopigwa kamba na mashimo ya misingi ambamo mbuzi walikuwa wakitumbukia. Huko Jeddah, ambako Ami Said alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, meli zilijipanga baharini wiki nenda wiki rudi zikingoja nafasi, na nyingi zilibeba saruji. Khalfan alisimamia ghala la vifaa vya ujenzi la Abu Nasir, kafili wetu, na kila jioni alirudi nyumbani wa kijivu, kope mpaka ndara. Shati lake nililikung'uta dirishani kabla ya kulitia majini, la sivyo lingegandia kwenye beseni.

Tulikuwa na vyumba viwili na jiko. Sebuleni palikuwa na zulia jekundu, mito ya kuegemea, na sanduku la kupozea hewa lililokunywa ndoo nzima ya maji kwa siku na kulalamika muda wote. Pazia la maua liliitenga sebule na kijia cha kwendea jikoni. Ami na Khalfan hawakuwa watu wa kunizuia kuingia, mmoja baba yangu mdogo na mwengine mume wangu. Lakini wanaume wakila tulikuwa tukiwaachia sebule, na mara nyingi kulikuwa na wageni. Basi mimi nilikaa nyuma ya pazia, nikaijulia nchi hapo. Nilikuwa nimesomea taipu na hati mkato Unguja, nimezowea kuyachukua maneno ya watu kama yalivyotoka, bila ya kuyatengeneza. Riyadh sikuwa na mashine wala karatasi za ofisi, lakini mazowea hayaachi. Nikisikia watu wanazungumza, mpaka leo, huwa nasikia na pale walipomeza mate.

Ami Said alikuja Jumatatu, juu ya lori la saruji kutoka Jeddah, amebeba kikapu cha nazi. Nazi alizipata kwa mabaharia, na hakuwahi kuja mikono mitupu. “Shika, mwanangu,” alinambia mlangoni. “Za juu ni nazi. Cha chini usikiguse.” Kilichokuwa chini kilikuwa kimezongwa kikoi. Hakukaa, alikitoa, akakitia kwapani, akaenda nacho moja kwa moja kwa Abu Nasir, akarudi nacho magharibi uso unamng'ara kama aliyetoka kuposa akakubaliwa.

Niliwapakulia wali wa nazi, mchuzi wa kuku wa barafu ambaye ilibidi nimtie ndimu nyingi ili asahau alikotoka, kachumbari, na pilipili ya kukaanga aliyoipenda Ami. Kisha nikarudi nyuma ya pazia na sahani yangu.

“Leo nimemfurahisha mtu,” Ami alianza. “Abu Nasir ana majambia, ana mapanga, ana bunduki ya babu yake ya kushindilia. Bastola ya zamani hana. Mimi nikaiona Jeddah, pale Balad, dukani kwa Myemeni mmoja anayeuza vitu vya Wazungu wanaorejea kwao. Imelala baina ya kinanda na mashine ya kusagia nyama. Nikamwuliza, hii nini? Mwenyewe, kwa ulimi wake, sikumlazimisha, akanambia: taklidi.”

“Taklidi?” Khalfan aliuliza, mdomo umejaa.

“Taklidi. Ya mila. Ya jadi. Wewe chuoni ulikuwa ukikimbia, ndiyo maana Kiarabu chako cha ghalani: yalla, halas, mafi saruji. Taklidi ni kitu kilichopokewa mkono kwa mkono kutoka kwa wakongwe. Nami nikamfikishia Abu Nasir neno hilohilo. Ungemwona uso wake! Kasema mwanawe, Nasir, ataifyatua siku ya harusi yake, mbele ya jamaa zao wa Taif wakicheza na magobori yao.”

“Na ikikataa?”

“Ndiyo maana utaijaribu wewe kwanza. Ijumaa. Ikilia vizuri, anainunua. Isipolia, nairejesha, Myemeni kanipa khiyari. Nimemwambia Abu Nasir mkwe wangu ameshika silaha tangu ujanani.”

Nikasikia kijiko kinawekwa chini. “Ami. Mimi nilimpiga kunguru kwetu Ng'ambo kwa bunduki ya upepo ya kuazima. Na kunguru mwenyewe hakufa.”

“Alikufa,” Ami alisema. “Alikwenda kufia kwengine.”

Nilicheka nikalazimika kuuma kanga. Lakini usingizi haukunijia upesi, na asubuhi nilimwuliza Khalfan kama ni lazima. Alikuwa anafunga kamba za viatu. “Kafili amesema,” alinijibu. “Unataka nimwambie naogopa?” Hakusema kwa hasira, alikuwa mtu wa kulipima jambo kwa namna litakavyoonekana ghalani kesho yake. Mimi nilikuwa nalipima kwa mikono yake. Alikuwa na mikono mizuri, Khalfan, vidole virefu, na mpaka mwaka ule ndivyo vilivyotulisha. Nikaamua kwamba kabla ya Ijumaa nitaijua bastola ile kuliko yeyote kati yao.

Bahati ilikuwa ghorofa ya juu yetu. Wanjiru alikuwa nesi, Mkenya, Mkristo, mume wake mpima ardhi. Walikuja kwa mkataba. Tulikuwa marafiki ingawa Kiswahili chetu kiligombana kila siku. Jumatano alikuwa na mapumziko, akashuka kuomba bizari, akaikuta bastola imelala juu ya sinia la shaba, kando ya mbuzi ya kukunia nazi.

“Weh! Hii mmetoa wapi?”

“Anatakiwa kuijaribu Khalfan.”

“Kujaribu nini, bahati?” Akalivuta sinia karibu. “Baba yangu alikuwa fundi wa silaha wa polisi huko Nyeri. Sisi wasichana tulikuwa tunasafisha bunduki vile nyinyi mnasafisha samaki. Leta tochi. Leta kitambaa cheupe. Na wacha kuishika hivyo. Huo mdomo usiangalie mtu, hata kama ni tupu.”

Kitu chenyewe kilikuwa kizuri, sikatai. Mtutu mrefu wenye pembe nane, mpini wa mbao ya rangi ya tende, na katikati gurudumu la chuma lenye vyumba sita. Bastola ya namna hiyo haitiwi risasi kwa nyuma kama zinavyotiwa bastola za askari. Kila chumba unakimiminia baruti nyeusi kwa mbele, unashindilia kwa mdeki uliokunjwa chini ya mtutu, kisha nyuma ya kila chumba kuna kichuchu cha chuma unachokivika fataki. Kinyundo kikiigonga fataki, moto unapita ndani. Wanjiru alinieleza haya kwa kidole, bila haraka, na alipofika kwenye vile vichuchu akanambia, “Jina lake ni hilo, usinicheke,” tukacheka wote wawili.

Kwanza alipitisha penseli kila chumba kuhakikisha hakuna kitu. Kisha akamulika tochi upande mmoja wa mtutu, tukatazama upande wa pili kwa zamu. Ndani kulikuwa kama ukuta wa choo cha zamani, mabaka na vishimo. Kitambaa kilipotoka kilikuwa rangi ya chai. “Baruti nyeusi inakunywa maji kama chumvi,” alisema. “Ukilaza bunduki bila kuiosha na maji moto, asubuhi imeanza kuliwa. Na hii imelala Jeddah, hewa ya bahari. Lakini hiyo si mbaya sana. Hiyo ni ya kukosa shabaha tu.” Akakivuta kinyundo polepole, sikio karibu, kama anayesikiliza kifua cha mtoto. Tak. Tak. Gurudumu likazunguka na kusimama. Akalishika kwa vidole viwili akalitikisa, nalo likacheza huku na huku. “Sasa hii ndiyo mbaya. Chumba kinafaa kusimama imara, kiangaliane na mtutu. Hiki kinaangalia jirani.” Akanionyesha vichuchu, vimepondeka vichwa kwa kugongwagongwa bila fataki. Mwisho akakivuta kinyundo nyuma mpaka kikashika, akaweka kidole gumba nyuma yake, akakisukuma kidogo. Kikaanguka.

Alirudia. Kikaanguka. Akanipa mimi nikarudia, na kikaanguka kwa kidole changu pia, kwa nguvu isiyozidi ya kuua mbu. Wanjiru akaiweka juu ya sinia, akaifuta mikono.

“Nani anashika hii?”

“Khalfan. Ijumaa.”

“Na wanatia risasi?”

“Baruti tupu, kwa ajili ya mlio.”

“Hata baruti tupu. Chumba kikilala upande, moto unaruka kwa jirani yake, na jirani kwa jirani. Vikilia vyote sita pamoja, kimoja tu ndicho kina mtutu wa kupitia.” Akalisukuma sinia mbali. “Mwaka jana waliniletea mtu wa bunduki kama hii, kule kazini. Sitakwambia tulipata nini ndani ya mkono wa shati lake.”

Nilimwuliza swali ambalo niliona mwanamume yeyote wa ile nyumba angepaswa kuwa ameliuliza kwanza: basi inafaa kununuliwa au haifai? Wanjiru aliifikiria kwa haki. Kama ni ya kutundika ukutani, alisema, nunua, ni nzuri kuliko saa nyingi za ukutani alizoziona Riyadh. Kama utapata fundi wa kubadilisha spring, vichuchu na kile kijino kinachoshika gurudumu, fikiria. Kama ni ya kufyatua Ijumaa, irudi Jeddah na nazi zake.

Alipokuwa anaukunjua mdeki ili aurudishe vizuri, niliona herufi. Juu ya mtutu chuma kilikuwa kimelika kwa kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala miaka mingi, hapakusomeka kitu. Lakini chini, pale mdeki ulipopafunika, maneno ya Kiingereza yalikuwa mapya kama yamepigwa juzi: kwa baruti nyeusi peke yake, na chini yake, imetengenezwa Italia. Nikayasoma mara mbili. Bastola ya enzi za wakongwe isingeandikwa onyo la namna hiyo. Wakati wake hakukuwa na baruti nyingine ya kuionya nayo. Hii ilikuwa imetengenezwa juzi kwa sura ya jana, kwa ajili ya watu wanaopenda kucheza mambo ya zamani, ikachezewa mpaka ikachoka. Ilikuwa nakala.

Na nakala, kwa Kiarabu cha dukani, inaitwa taqlid.

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Sisi Waswahili hatuliachi neno la Kiarabu liishie pale Mwarabu anapoliishia. Kitab tumeifanya kitabu, hisab hesabu. Mwisho wa neno lazima tutie irabu, la sivyo mdomo unahisi haukufungwa. Myemeni alisema taqlid, maana yake kuiga, kitu cha bandia. Sikio la Ami likatia ile “i” yetu, na kwa Kiarabu “i” hiyo ukiivuta inaleta neno jengine kabisa: taqlidi, cha jadi. Akaichukua “i” ya Unguja, akaipeleka Riyadh, akaitamka mbele ya Abu Nasir kwa fahari yote ya chuoni. Myemeni hakumdanganya mtu. Alikuwa ameitaja aibu ya bidhaa yake waziwazi, kama sharia inavyotaka, na sisi tukaipokea kama sifa.

Jioni, walipomaliza kula, nilitoka nyuma ya pazia na sinia la shaba. “Ami,” nilisema, “yule Myemeni alisemaje?”

“Taklidi.”

“Iseme kama alivyoisema yeye. Mwisho ufunge ulimi.”

“Taklid…i.”

“Bila ya i.”

“Taqlid.” Akameza mate, na mdomo ukafunguka wenyewe. “I.” Khalfan akaanza kutikisika mabega. Ami akajaribu tena, akaushika mdomo wake kwa vidole, na “i” ikatoka kando ya vidole. Hapo ndipo vijana wa hitmani wanapokoma, na kweli tulicheka, na Ami mwenyewe alicheka. Kisha nikaielekeza bastola ukutani, nikakivuta kinyundo mpaka mwisho, nikakigusa kwa kidole gumba. Kicheko kikakatika pamoja na ule mlio. Nikawaonyesha maandishi chini ya mdeki, nikawatikisia gurudumu, nikawaeleza habari ya vyumba sita na mtutu mmoja.

“Subhanallah,” Ami alisema taratibu. “Basi yule mtu alinambia kweli.”

“Alikwambia kweli.”

“Na mimi nimeshampa Abu Nasir neno.”

“Neno lenyewe ndilo lililoharibika, Ami.”

Khalfan alikuwa anaitazama bastola, haitazami sura yangu. “Naweza kuifunga kwenye jiwe,” alisema. “Niivute kwa uzi, nikae mbali.”

“Mbele ya kafili?” Ami akamwuliza. “Atakuona vipi?”

“Ataniona nina akili.”

“Atakuona unaogopa, na mimi mwongo.”

Niliwasikiliza wakilipeleka na kulirudisha, nikaona wanakokwenda. Watafika Ijumaa wangali wanajadiliana, na jangwani, mbele ya macho ya Abu Nasir na mwanawe, uzi utasahauliwa nyumbani. Nikaenda jikoni nikachukua mchi. Wanjiru alikuwa amenionyesha kwamba bastola ya namna ile haishikwi na parafujo. Mtutu na mwili vinaungwa na kabari moja tu ya chuma, fupi kuliko kidole cha mwisho, iliyopigwa ubavuni. Niliigonga mara tatu. Kabari ikaanguka kwenye zulia, na mtutu ukabaki mkononi mwangu kama muwa. Niliokota kabari, nikaifunga pindoni mwa kanga, nikatia fundo la pili juu ya la kwanza.

“Mwambieni Abu Nasir nimeichukua mimi,” nikasema.

“Utanifukuzisha kazi,” Khalfan alisema.

“Utafukuzwa na mikono miwili.”

Aliuchukua mtutu mkononi mwangu, akauzonga pamoja na mwili kwenye kikoi cha Ami. Lakini Alhamisi alikwenda navyo kwa Abu Nasir, na Ami alikwenda naye, na hilo nitawahesabia wote wawili, kwa sababu ikama zetu, vibali vya kukaa nchini, zilikuwa mikononi mwa Abu Nasir na angeweza kuzifuta kwa kikombe kimoja cha kahawa. Khalfan alinihadithia waliyoyasema, nami nilimlazimisha kuyarudia mpaka nikaridhika. Alisema, watu wa nyumbani wameitazama na wanasema haifai kufyatuliwa. Mtu wa heshima hamtaji mkewe mbele ya wanaume, kwa hiyo kila Abu Nasir alipouliza nani, jibu lilikuwa hilohilo: watu wa nyumbani. Mwishowe Abu Nasir aliangua kicheko. Alimfanya Ami aseme taqlid mbele ya wageni wote waliokuwepo barazani, mmoja mmoja alipoingia, mpaka Ami akawa anatafuta viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ameipenda hivyohivyo, nakala au si nakala, na ataichukua aitundike. Kisha akauliza kipande kiko wapi.

Alasiri alikuja mwenyewe Umm Nasir, mkewe, akapanda ngazi zetu akihema, harufu ya udi ikamtangulia. Nilimwita madam, kama tulivyozowea. Nikamtandikia, nikampa kahawa na tende, akanywa, akazungusha kikombe kuashiria imetosha.

“Wanasema umeifunga bastola ya mwanangu kwenye nguo yako,” alisema.

“Kipande chake kimoja, madam.”

“Kwa nini?”

Nilimweleza. Bastola yenyewe ilikuwa kwa mumewe, kwa hiyo nilichukua kijiko na ufunguo wa mlango nikamwonyesha kwa hivyo: hiki kinyundo, hiki chumba, hapa moto unatakiwa kupita, hapa unapita. Nikamwambia mumewe ataitundika leo, na kesho kutwa kuna mtu ataitungua. Hakunikata kauli hata mara moja. Nilipomaliza aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia bado. “Nasir haambiliki,” alisema, kama mtu anayetaja urefu wa mwanawe. “Ameshawaahidi binamu zake wa Taif. Baba yake akisema itatundikwa, ukutani itakaa mpaka baba yake apitiwe na usingizi.”

“Basi kabari ikae kwako,” nikamwambia. “Iwe mbali nayo.”

Akaapa haitatoka sandukuni kwake. Nilifungua mafundo mawili, nikamtilia kabari kiganjani, akaikunja ngumi. Ijumaa Khalfan alikwenda kusali, akarudi, akala wali na papa aliyoniletea Ami, akalala mpaka alasiri na mikono yake juu ya kifua. Nilikaa mlangoni nikiitazama. Sijawahi kuwa na Ijumaa ndefu kama ile wala nzuri kama ile.

Harusi ilikuwa baada ya hapo, msimu wa baridi umeanza. Wanawake tulikuwa ndani, wanaume uwanjani. Alasiri jamaa wa Taif walianza mchezo wao wa magobori: wanaruka, na wakiwa hewani wanaelekeza mtutu chini ya nyayo zao wanafyatua, moto unawaka chini yao na ardhi inatikisika. Vikombe viligongana kwenye masinia, na sisi tukipiga vigelegele kila ulipotua mlio. Baada ya muda nilianza kuzitofautisha bunduki, kama unavyotofautisha milango ya nyumba yako. Zote zilikuwa na sauti nzito, moja, yenye mwangwi. Kisha ukaja mlio mwengine. Ulikuwa mkavu, na ulikuja mara mbili, tatu, karibukaribu, kana kwamba mtu amedondosha rundo la sahani za bati. Ngoma ikasita. Nilimtafuta Umm Nasir kwa macho. Alikuwa amesimama na chetezo mkononi, ameelekeza uso dirishani. Hakunitazama. Kisha ngoma ikaendelea, naye akaendelea kufukiza wageni.

Khalfan alinambia wakati huo alikuwa ametumwa barafu, na nilimwamini, kwa sababu nilimkagua mikono alipoingia nyumbani na haikuwa na hata harufu. Aliyemtuma barafu hakumtaja.

Baada ya siku chache Nasir alikuja kwetu kutoa shukrani, kama mwungwana, amevaa joho jeusi ingawa kulikuwa na jua. Alikaa sebuleni kwenye mto wa katikati. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Khalfan alimimina kahawa, akamnyoshea finjani, na Nasir akaipokea kwa mkono wa kushoto. Khalfan, ambaye humkemea hata mtoto wa jirani kwa jambo hilo, safari hii aliinamisha macho kwenye birika. Akamimina ya pili, nayo ikapokewa kwa kushoto. Wakazungumza habari za mvua na za saruji, na muda wote huo mkono wa kulia ulikaa ndani ya joho.

Khalfan sasa ni mzee. Yuko chumba cha pili, anasikiliza redio. Nimemwuliza tena wiki hii, nikiandika haya, ni nani aliyefyatua siku ile, na kwa kabari ipi, ile niliyompa Umm Nasir au nyingine.

“Harusi ilikuwa nzuri,” amenijibu, akaongeza sauti ya redio.